Pumzi: Safi

Neosho, Missouri
23 Oktoba 2023

Corinne binti yangu,

Ndani ya sanduku hili kuna mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko yumo Shemasi. Ukimtoa atajikunja awe mpira na kuficha kichwa katikati. Usimwone ana kiburi. Ndivyo chatu hawa walivyo, na mimi mwenyewe tangu tumzike mke wangu Merle mwezi wa nane nimekuwa hivyohivyo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu kwangu sasa ni pambo la ukutani. Masikio yamekwisha. Miaka thelathini na mmoja ya mashine za kiwanda cha kuku imeyala yote mawili, na aliyekuwa akikupigia na kunitafsiria umbea wako ndiye huyo tumemzika. Kwa hiyo ukitaka kunitania, nunua stempu.

Masharti ni yaleyale ya wafugaji. Dume ni wangu, majike ni wako. Mayai yakianguliwa tunagawana makinda kwa zamu, mmoja kwangu mmoja kwako, na mwenye dume anachagua kwanza. Shemasi arudi Juni. Usinishukuru mno, maana hicho tunachogawana siku hizi ni hewa. Mwaka 2012 kuna mtu alitaka kunipa dola elfu nne kwa baba yake Shemasi, nikamwambia akazinunulie lori. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye gulio la nyoka la Tulsa, nikawakuta ndugu zake Shemasi, rangi ileile ya chungwa isiyo na doa, wamewekwa mezani kwenye vikopo vya saladi. Dola sitini mmoja, na ukichukua wawili unaongezwa wa tatu. Kila mwenye gereji nyumbani kwake Marekani hii anafuga chatu sasa. Wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi, wakawa wanauziana wao kwa wao.

Dwight Ebersole, yule wa kule Carthage mwenye kofia ya mamba, ameacha. Mkewe kamwambia achague, yeye au nyoka. Nimemchukulia wote arobaini kwa bei ya jokofu kuukuu, wiki mbili sasa. Nimewapanga kwenye droo za chumba cha chini pamoja na wangu, kwa sababu kile chumba cha pembeni cha wageni nimekizimia hita. Umeme wake unakula kuliko nyoka.

Opal, chatu wa Merle, hajambo. Bado anaishi juu, chumbani kwa Merle, na sheria ya Merle bado ni sheria: nyoka wa chini hapandi ngazi. Ametimiza miaka thelathini na mmoja. Kila jioni namweka mapajani tunatazama habari zisizo na sauti. Ndiye pekee aliyebaki humu ndani aliyekuwa na Merle tangu siku ya kwanza, na sioni haya kukwambia kwamba bila yeye ningekuwa nimeshalala kaburi la pili.

Kadi ya Shemasi hii hapa, kama desturi ya nyumba yetu.

Harlan Yoakum

JINA: Shemasi
UZITO: gramu 1,140
MLO WA MWISHO: panya mmoja wa kadiri, 14 Oktoba
NGOZI: amejivua tarehe 2, kipande kimoja
PUMZI: safi


Vincennes, Indiana
29 Oktoba 2023

Mzee Harlan,

Mgeni amefika salama na kiburi chake. Alijikunja saa nzima mezani kwangu huku kaka yangu Lyle akimzunguka na kikombe cha kahawa. "Corinne," akasema, "ukikosa mnunuzi safari hii, huyu anatoa mikanda miwili na kamba za viatu." Nikamwambia ngozi yake yeye haitoi hata soksi.

Lakini ukweli ni kwamba nimechoka, Mzee. Nawapikia watoto wa shule mia tatu kila siku, macaroni na jibini, nikirudi nasafisha droo ishirini na sita, na mwaka jana nilichopata kwa makinda wote hakikulipia panya waliokula. Mteja mmoja ameniandikia kwamba atakuja kuchukua kinda wangu kama nitamwongezea na kibanda cha kufugia bure. Biashara haigombi, nikamjibu kwa upole. Halafu nikaenda chooni nikapiga kelele.

Ndiyo maana Shemasi ni bahati kwangu. Rangi yake na mabaka ya jike wangu Siagi vikikutana, pengine utatoka mchanganyiko ambao gereji hazina bado. Nina msimu huu mmoja, Mzee. Nikishindwa nafunga, na Siagi nimemlea tangu akiwa mwembamba kama penseli.

Sikumweka karantini. Bi Merle angenisuta hapohapo. Nakumbuka alivyonishika mkono pale Tulsa akaniambia, "Nyoka mgeni ni mgeni hata akitoka mbinguni. Miezi mitatu peke yake, na umweke sikioni kila Jumapili." Lakini sina chumba cha pili chenye joto, na kadi ni ya nyumba yenu. Nikisoma "pumzi: safi" namsikia yeye mwenyewe akisema. Kwa hiyo Shemasi yupo kwa Siagi tangu jana, na wanapatana.

Kula vizuri. Maharage ya kopo si chakula cha kila siku.

Wako,
Corinne Hostetter


[Haikutumwa]

Vincennes
11 Februari 2024

Mzee Harlan,

Sijui nianzeje. Shemasi anatoa mlio.

Jana nilikuwa nambadilishia maji, nikamsogeza karibu na uso, nikasikia tik. Kimya. Tik tena, kila anapovuta pumzi, kama mtu anayebonyeza kalamu chumba cha pili. Nilimweka sikioni kama Bi Merle alivyonifundisha na nikakaa naye nusu saa. Hakuna shaka.

Ni kosa langu. Desemba bili ya umeme ilipokuja nilipunguza joto digrii tatu. Tatu tu. Nilijiambia watavumilia, kwao Afrika Magharibi kuna usiku wa baridi pia. Umenipa dume wako mzima na mimi nimempa kichomi ili niokoe pesa ya bili. Siagi naye leo anainua kichwa juu, anatazama dari, hashushi. Nilidhani anatazama taa


Vincennes
11 Februari 2024

Mzee Harlan,

Hatujambo huku, isipokuwa theluji. Shemasi mzima, anafanya kazi yake, amekuwa kama bwana harusi wa kijiji. Hali chakula sana, lakini wewe wajua madume wakati huu wa mwaka, mawazo yako kwingine.

Nimepandisha joto kidogo kwa ajili ya baridi. Wewe huko unawapa digrii ngapi?

Umekuwa kimya tangu Krismasi. Niandikie hata mistari miwili.

Corinne


Neosho
3 Machi 2024

Corinne binti,

Mistari miwili uliyoomba: sijafa, na maharage ya kopo ni chakula cha kila siku.

Nawapa digrii zilezile za siku zote. Mbona unauliza joto kama mtu aliyeanza kufuga jana? Wewe ni mwanafunzi wa Merle.

Sikwenda Tulsa mwezi huu. Nilikuwa na meza, nikamwachia mwingine. Naambiwa wamefika dola arobaini na watu wanapita wakiangalia bei kama wanaotazama ajali. Kuna jamaa kutoka Joplin aliwagawa makinda bure kwa watoto waliokuja na wazazi wao, kisha akakunja meza akaenda zake bila kuaga. Siku hizi kila anayeacha anaacha hivyo, unakuta nafasi tupu.

Chumba cha chini kimetulia mno. Najua utacheka, kwangu mimi kila chumba kimetulia. Lakini zamani niliposhuka nilihisi droo zikitikisika kidogo, wakigeuka wakisikia miguu yangu. Sasa nashuka hadi ngazi ya mwisho na hakuna kinachogeuka.

Nimeanza kulima nyuma ya banda. Jirani yangu Vernon kanifuata, kaandika kwenye kile kidaftari chetu: "Ardhi bado imeganda, unapanda nini Machi?" Nikamwambia viazi.

Nirudishie Shemasi Juni bila kukosa. Nina sababu zangu.

Harlan


Vincennes
21 Aprili 2024

Mzee wangu,

Siagi ametaga. Mayai saba, matano meupe safi na mawili yamelegea, nimeyatoa. Nimeyaweka kwenye mashine ya kuangulia na kila nikitoka kazini nakwenda kuyachungulia nikiwa bado na aproni.

Yeye mwenyewe amekonda. Ni kawaida baada ya kutaga, sivyo? Jike mwingine, Biskuti, na wale wengine wa mstari wake wa droo hawali pia. Msimu tu huu.

Nina swali, na usinicheke. Bi Merle alipokuwa akiwasikiliza, alikuwa akisikia nini hasa? Yaani nyoka mwenye mafua ya kupita tu na nyoka mwenye jambo kubwa, alikuwa anawatofautishaje? Naulizia rafiki yangu wa huku ambaye ana jike anayetoa kelele kidogo. Nilimwambia nitamwuliza Mzee Harlan.

Na hivi, ungemweka wapi Shemasi akirudi? Chini na wengine?

Corinne


Neosho
5 Mei 2024

Corinne,

Rafiki yako amtenge jike huyo leo, si kesho, aoshe mikono hadi viwiko, na asiuze hata kinda mmoja mpaka ajue. Mwambie ampeleke kwa daktari wa nyoka achukue kipimo. Najua atakachojibu. Kipimo ni dola mia na ishirini na nyoka mwenyewe ni arobaini. Nani atampima nyoka wa arobaini kwa mia na ishirini? Hapo ndipo bei imetufikisha. Zamani nyoka wa elfu nne akipiga chafya tulikuwa tunaendesha gari hadi kwa madaktari wa chuo kikuu.

Merle alikuwa akifanya kazi hiyo Jumapili, kabla ya kanisa, nguo nzuri tayari mwilini. Anamchukua mmoja mmoja, anamwegesha shavuni, anafumba macho. Mimi nimesimama na kadi na kalamu. Akisikia sawa anasema "safi" na mimi naandika safi. Mafua, aliniambia, yana sauti ya maji, yanakuja na kuondoka. Lile jambo kubwa lina sauti kavu, tik, na haliondoki hata ukimpa joto, linakaa likisubiri. Alilisikia mara moja tu katika maisha yake, mwaka 1998, kwa nyoka wa mtu mwingine. Tulitoka nyumba ile tukachoma viatu vyetu njiani.

Hongera kwa mayai. Kulegea mawili kati ya saba si neno.

Shemasi akirudi, mahali pake nimeshapaandaa. Usijali hilo.

Viazi havijaota. Naendelea kuchimba.

Harlan


Vincennes
9 Juni 2024

Mzee Harlan,

Nimekuletea mtu wako kama tulivyopatana. Samahani kwa kuchelewa kukujibu, shule zilikuwa zinafunga.

Rafiki yangu anakushukuru. Alimtenga yule jike, akapata dawa ya sindano kwa mtu, na sasa ni siku ya tisa hakuna sauti. Kwa hiyo huenda yalikuwa mafua tu.

Mpe Shemasi siku chache peke yake, Mzee, safari inamchosha. Tafadhali. Hata wiki mbili.

Mayai bado matano. Ukichagua wa kwanza, chagua aliye mzuri kuliko wote, sitanuna.

Corinne

JINA: Shemasi
UZITO: gramu 1,020
MLO WA MWISHO: panya mdogo, 1 Juni
NGOZI: amejivua Mei, vipande viwili
PUMZI: safi


Neosho
12 Juni 2024

Corinne binti yangu, mwanga wangu,

Amefika! Amekonda kidogo, lakini nani asiyekonda kwa kazi ile. Nimesoma kadi yako nimesimama mlangoni, nikairudia, na mzee mzima nikalia mbele ya kijana wa vifurushi. Maskini alidhani ameleta habari ya msiba.

Sasa naweza kukwambia niliyokuficha. Chini wanakufa. Wa kwanza alikwenda Januari, mmoja wa wale wa Dwight, nikasema uzee. Februari watatu. Machi sikuhesabu. Hakuna viazi, binti, umeshajua. Nyuma ya banda wamelala hamsini na wanane, na waliobaki kwenye droo wananitazama midomo wazi. Nilinyamaza kwa aibu. Mimi niliyewafundisha nusu ya wafugaji wa Missouri habari za karantini, nikawapanga wageni arobaini juu ya vichwa vya watu wangu kwa sababu ya bili ya hita moja. Kadi zote tangu Agosti nimeandika "safi" kwa mazoea. Merle hayupo, mimi sisikii, na mkono uliandika tu. Ukiwa umezoea miaka thelathini kuandika neno moja, kalamu inaliandika yenyewe.

Lakini Shemasi alitoka humu Oktoba, kabla ya yote, na amekaa kwako wewe mwenye masikio ya Merle. Nilikuwa nahesabu siku hadi Juni kwa ajili hiyo. Ndiye pekee aliyebaki wa damu yetu aliye mzima, yeye na Opal. Nimeoga, nimebadili nguo, sikumpitisha hata karibu na mlango wa chini. Nimempeleka juu moja kwa moja.

Najua umesema wiki mbili peke yake. Lakini huko juu kuna kibanda kimoja tu chenye taa, cha Opal, na Merle angenisamehe kuvunja sheria, maana huyu si wa chini tena. Usiku wa jana walilala wamejikunja pamoja, huwezi kujua mkia ni wa nani. Nilikaa nao hadi usingizi ukanichukua kitini.

Umenipa sababu ya kuamka, binti. Mungu akubarikie masikio yako.

Harlan


Vincennes
13 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri
KWA HARAKA

Mzee Harlan,

Usimweke Shemasi karibu na Opal. Usimweke karibu na nyoka yeyote. Kama umeshamgusa, osha mikono, choma mfuko wa kitambaa.

Nimekupigia simu mara kumi na moja. Najua. Niliiacha ilie tu nikiwaza inavyolia ukutani na wewe umekaa hatua tatu kutoka hapo. Ofisi ya posta ikifunguliwa nailipia hii ifike haraka iwezekanavyo.

Rafiki yangu hayupo. Ni mimi. Shemasi alianza kutoa mlio Februari, tik, kavu, na niliusikia vizuri kuliko ninavyosikia sauti yangu. Nilikuandikia siku hiyohiyo na barua ile bado ipo kwenye droo ya jikoni. Nilidhani nimemuua kwa baridi. Nilikuwa nimepunguza joto, na sikuweza kukwambia kwamba dume wako nimemharibu kwa sababu ya bili. Halafu aliponyamaza siku tisa nikajidanganya kwamba amepona. Uliniandikia mwenyewe kwamba haliondoki, linasubiri, nikasoma na bado nikaandika "safi". Kalamu haikusita hata kidogo, Mzee. Hilo ndilo linalonitisha.

Siagi amekufa jana mchana. Biskuti juzi. Nilimpeleka Siagi kwa daktari akiwa amekufa, nikamlipa hiyo mia na ishirini nikiwa na maiti kwenye mfuko, akaniambia majibu kamili wiki ijayo lakini yeye hana shaka baada ya kuona mapafu. Ni virusi, havina dawa, na anayevibeba anaweza kunyamaza wiki nzima akaonekana mzima.

Bi Merle alikuwa na msemo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilidhani anasema juu ya nyoka.

Tafadhali niambie umempa zile wiki mbili.

Corinne


Vincennes
29 Juni 2024

Mzee Harlan,

Barua yako ya tarehe 12 ilinifikia siku moja baada ya kutuma yangu. Nimeisoma.

Mayai yameanguliwa. Makinda watano, na mmoja wao sijawahi kuona rangi kama yake, kama asali iliyopigwa na jua. Daktari ameniambia niwaue wote. Nimekwambia kwa sababu wa kwanza ni wako.

Tukana ukitaka. Niandikie tu.

Corinne


Neosho
17 Julai 2024

Corinne,

Nilikutukana. Nilikutukana siku nne mfululizo mbele ya jiko, kwa sauti ambayo mimi siisikii lakini Vernon aliisikia, akaja akaandika kwenye kidaftari, "Harlan, kuna mtu humu ndani?" Nikamjibu hakuna.

Halafu nikaenda kutafuta nakala ya kadi niliyokutumia Oktoba, maana nakala zote nazitunza. PUMZI: safi. Mwandiko wangu. Wale wa Dwight walikuwa wameshakaa humu wiki mbili siku ile. Sikumweka sikioni, na ningemweka ningesikia nini? Baridi yako haikumpa kitu, binti. Alitoka na maradhi hapahapa. Nilimtia virusi kwenye sanduku, nikabandika neno la marehemu mke wangu juu yake, nikakutumia. Wewe uliandika uongo ukiujua, na siku yako ya kuujibia utaiona mwenyewe, mimi sitakusaidia. Lakini wa kwanza kuandika ni mimi. Tulidanganyana kwa adabu, kila mtu akimwonea haya mwenzake, na katikati yetu wamelala wote hao.

Chini sasa hakuna mtu. Nimezima kila kitu. Shemasi alikufa tarehe 2 Julai juu ya taulo, mkono wangu ukiwa chini ya kidevu chake.

Opal bado yupo. Siku barua yako ilipofika nilimtoa mle ndani, amelala peke yake kitandani kwa Merle, na mimi nalala sakafuni. Wiki ya tano hii. Alikula panya juzi, lakini unajua kula si ushahidi. Sitaki kumpeleka kwa daktari. Watampima, na wakisema anavyo virusi watanipa karatasi ya kukubali achomwe sindano ya kumlaza asiamke, na sitasaini karatasi hiyo kabla sijajua kwa njia tuliyojulia sisi.

Nimejaribu mwenyewe. Jumapili nilivaa suti. Nilimwegesha kwenye taya, hapa chini ya sikio kwenye mfupa, kwa sababu mfupa bado unapokea kitu kidogo, mashine ya kufulia naihisi hivyo. Nikafumba macho kama yeye. Nikahisi kitu, Corinne. Tik. Kimya. Tik. Nilikaa hivyo hadi shingo ikakauka, na mpaka sasa siwezi kukwambia kama ni yeye au ni moyo wangu mwenyewe unaogonga kwenye taya. Naogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini kando ya Merle.

Njoo Jumamosi. Najua ni mwendo wa saa saba barabarani. Acha nguo zako za chumba cha nyoka huko, vaa viatu vipya, utavichoma ukiondoka. Wale makinda fanya alivyosema daktari, wote watano, na yule wa kwangu usinielezee rangi yake tena.

Kadi ya Opal nimeiweka mezani. Nimejaza jina, uzito, mlo na ngozi. Mstari wa mwisho nimeuacha wazi na kalamu iko juu yake. Masikio mengine zaidi ya yako sina, na wala sitaki ya mtu mwingine. Utakalosikia, uliandike hilohilo. Nitasimama kando yako, sitakutazama usoni mpaka umalize kuandika.

Mlango wa mbele hautafungwa. Usigonge, sitasikia.

Harlan